Kipono Aliyetangulia

Jumatano asubuhi, kabla daktari wa meno hajavaa glavu zake, samaki wa manjano alikuwa amekwisha kung'olewa robo ya mkia.

Mama Matangi alikiona kwanza kile kipande chenyewe, kikipeperushwa mbele ya pampu kama karatasi ya peremende. Kisha akamwona mwenye mkia. Alikuwa amejibana kwenye kona ya juu ya tangi, mdomo wazi, mapezi yamekunjwa. Chini yake, akienda na kurudi kama askari wa lindo, alikuwapo mwenye shari: samaki wa zambarau asiyezidi urefu wa kidole cha kati, mistari sita ya rangi ya chungwa ubavuni, jicho jekundu lisilopepesa.

"Wameanza saa mbili kasoro," alisema mzee mmoja kwenye benchi, shavu limemvimba kama aliyeficha ndimu mdomoni. "Mimi nimekuja kung'olewa jino, nikakuta mwenzangu anang'olewa mkia. Nikasema afadhali yeye, hakupanga foleni."

Wagonjwa wengine wakacheka kwa uangalifu, kila mmoja ameshika taya yake.

Tangi hilo lilikuwa refu kuliko mtu aliyelala, na ndani yake mlikuwa na mlima wa mawe yenye matumbawe hai, yanayofumbuka kama maua taa zikiwashwa. Daktari alilitaka ili wagonjwa wakodolee macho samaki na kusahau sindano. Mama Matangi ndiye aliyelijenga na ndiye aliyelitunza, kama alivyotunza mengine sita katika hoteli na ofisi za mji ule. Kazi hiyo aliianza utu uzimani, baada ya miaka mingi ya kupiga deki hotelini na kumchungulia fundi wa matangi akifanya yake. Kila asubuhi, kabla ya kutia mkono majini, alimwomba Mungu jambo moja tu: subira. Maana tangi la matumbawe halina haraka. Ukilikimbiza, linakufa.

Lakini hata mwenye subira huteleza. Samaki hawa wadogo wembamba, ambao wauzaji wa samaki wa mapambo huwaita vipono, wana sheria yao, na kila fundi anaijua: wapole waingie kwanza, mwenye shari aingie mwisho. Mama Matangi aliijua kama anavyojua jina lake. Ila mawe yalikuja na minyoo midogo iliyotafuna matumbawe, na kipono wa mistari sita hula minyoo hiyo kama mtu anavyokula karanga. Akamtia yeye kwanza, peke yake. Miezi minne akala, akanenepa, akalijua kila shimo la mlima ule. Alipokuja kuletewa wenzake, yeye alishakuwa mwenye nyumba.

Wengine hakuwagusa. Wale wawili wa chungwa wenye mikanda myeupe walikaa kona yao wakaachwa. Yule mdogo wa mchangani, anayeishi shimo moja na kamba asiyeona vizuri, huyu akichimba na yule akilinda mlango, naye akaachwa. Lakini yule wa manjano alikuwa kipono kama yeye, mwembamba kama yeye, anayewinda kama yeye. Samaki hahangaiki na asiyefanana naye. Humuua anayefanana naye.

Mama Matangi akatumbukiza mkono. Samaki wa manjano alikuwa amechoka mno hata hakukimbia. Aliingia kiganjani mwenyewe, kama mtoto anayepanda kitandani.

"Mara ya tatu hii," alisema daktari, amesimama mlangoni na kinyago kimemning'inia shingoni. "Niliomba wagonjwa watulie, Mama. Sasa wanakaa hapa wanatazama kesi ya mauaji."

"Nakwenda kumpumzisha nyumbani, daktari. Kidonda kikikauka, Jumamosi namrudisha."

"Na kioo ulichofunga pale ubavuni?"

"Alipigana na sura yake siku mbili. Siku ya tatu akagundua sura haivuji damu."

Akaondoka na ndoo yake ya mfuniko, hatua fupi fupi, maji yasimwagike.

Nyumbani alimkuta binti yake wa mwisho, ambaye ukoo mzima ulimwita Kitinda, amekaa kwenye ngazi ya mlango. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa vipande vya kitambaa cha bitana, kwa kuwa alikuwa fundi cherehani na hicho ndicho kilichokuwa karibu.

"Na huyo naye kaja kwa mamaye?" Kitinda aliuliza, akichungulia ndoo.

Mama hakucheka. Alifungua bitana. Chini yake, ngozi ya mkono ilikuwa imetoka kama utando wa maziwa, na jeraha lilikuwa na ncha upande mmoja na upana upande wa pili. Halikuhitaji kuelezwa. Lilikuwa umbo la pasi.

"Alisema kola ina mkunjo," Kitinda alisema. "Nikamwambia nipe nirudie. Akasema hapana, leo nakufundisha kunyoosha. Mama, alihesabu. Moja, mbili, tatu. Polepole, kama anavyowahesabia vijana wake wakiruka kamba."

Mume wake alikuwa Kocha. Mji mzima ulimwita hivyo, maana alifundisha mpira vijana wa mtaa bila kudai chochote, na hakuna mzazi aliyekuwa na neno baya juu yake. Mara ya kwanza alimpasua mkewe kiwambo cha sikio. Mara ya pili zilikuwa mbavu mbili. Na mara zote mbili mambo yalikwenda vilevile: Kitinda alikuja kwa mama, mama akamuuguza, mjomba akaitisha kikao, Kocha akalia, Kitinda akarudishwa.

Mama alimwosha kwa maji baridi, akampaka dawa, akamwombea kwa sauti ndogo, mkono wake kichwani mwa mwanawe. Kisha likamtoka lile neno lake la siku zote.

"Subiri, mwanangu."

"Nasubiri nini, mama?"

Mama akaenda kumhamishia samaki kwenye kisanduku cha kioo jikoni.

Ijumaa alasiri mjomba akaja. Alikuwa kaka mkubwa wa Mama Matangi, karani mstaafu, mwenye fimbo ya kutembelea na methali ya kila shughuli. Alikuja na Kocha. Walipokuwa wakisubiri chai, Kocha alisikia bomba la jikoni likidondoka, akainuka, akakunja mikono ya shati, akalikaza. "Mama, hili likiachwa litakumalizia maji," alisema kwa upole, akajifuta mikono. Ndivyo alivyokuwa. Ungempenda.

"Vikombe vikikaa kabati moja havikosi kugongana," mjomba alianza. "Mimi sikuja kuhukumu. Sikuwapo, sijaona kwa macho yangu. Baba, sema."

Kocha akapiga magoti mbele ya mama mkwe. Machozi yakamtoka, ya kweli, yakadondoka sakafuni. "Nisamehe mama. Shetani alinipitia."

"Alipita na pasi," alisema Kitinda kutoka kwenye kiti chake.

"Binti," mjomba alimkemea. "Mwenzio kajishusha. Mvumilivu hula mbivu."

"Mjomba, hizo mbivu zimeshaoza, zina funza."

"Funika kombe mwanaharamu apite. Nyumba haijengwi kwa ulimi. Kesho saa tisa nitakurudisha mwenyewe, kwa mkono wangu, mbele za watu, kwa heshima."

Kocha akainuka, akaenda kukaa karibu na mkewe, akamshika mkono kwa mapenzi. Alimshika wa kushoto. Kidole gumba chake kilitua juu ya bandeji, mahali penyewe, kikaanza kubonyeza. Huku akimsikiliza mjomba. Huku akitabasamu na kuitikia. Mishipa ya shingo ya Kitinda ikasimama kama kamba za kuanikia nguo, lakini sauti haikumtoka.

Mama Matangi aliona. Alikuwa amesimama na sinia la vikombe, na aliona. Akaweka sinia mezani, akamimina chai.

Jumamosi saa tatu alikuwa kliniki. Alimweka samaki wa manjano ndani ya kisanduku chenye matundu, akakining'iniza tangini ili wale wawili waonane bila kugusana. Kwa saa mbili alikaa kwenye kigoda akitazama. Yule wa mistari hakusogea sana. Alizunguka, akala, akaingia mashimoni, akatoka. Hata wagonjwa wakaona pametulia. Mzee wa shavu, aliyekuja kusafishwa pengo, alisema, "Leo wamekula kiapo, hawa."

Saa tano akafungua kisanduku.

Samaki wa manjano alitoka taratibu, akashuka kuelekea mchangani, kwani aina yake hulala kwa kujifukia. Alifika nusu ya njia. Yule wa mistari alitoka kwenye shimo ambalo Mama hakulijua kabisa, akampiga ubavuni kwa kichwa. Magamba yakatawanyika, yakang'aa kwenye taa. Akageuka, akampiga tena, safari hii kwa meno, akaondoka na kipande cha pezi. Wa manjano akapaa juu, akajigonga kwenye wavu uliofunika tangi, akaanguka, akajigonga tena. Kipono akiogopa huruka, ndiyo maana wavu huwekwa. Akajigonga mara ya tatu, ya nne, pua ikachubuka ikawa nyeupe, na kila alipoanguka mwenzake alikuwa chini akimngoja.

Benchi zima lilikuwa limesimama.

"Mtoe, mama," mzee alisema. "Mtoe basi."

Mama Matangi alikuwa anapapasa klipu za wavu. Alipoufungua, yule wa mistari alikuwa ameshafika kichwani. Hakuuma mara moja na kuacha. Aliuma, akajipinda mwili mzima, akavuta. Jicho likatoka. Akalitema, akarudia upande wa tumbo, pale penye ngozi laini.

Samaki wa manjano akaingia tena kiganjani, kama desturi yake. Alifia humo. Mdomo ulifunguka mara mbili, kisha haukufunga.

Mwanamke mmoja aliyekuja na miadi ya saa tano na nusu alichukua mkoba wake akaondoka.

Mama alimviringisha marehemu katika karatasi ya tishu. Kisha akaomba ndoo zote za kliniki, za deki na za takataka, na mabeseni kutoka kwa jirani muuza nguo. Alisali, macho wazi, lakini safari hii hakuomba subira. Aliomba nguvu za mikono.

Akafyonza maji nusu ya tangi. Akaanza kubomoa mlima. Jiwe moja moja, kila moja na matumbawe yake, yaliyochukua miaka miwili kushikana. Hakuvaa glavu, kwa kuwa glavu hazihisi. Matumbawe yana makali kama wembe. Jiwe la tatu lilimchana kiganja, la tano likampasua kati ya vidole, na maji ndani ya tangi yakaanza kubadilika rangi. Tawi moja kubwa la matumbawe likakatika likaanguka. Hakuliangalia. Yule wa mistari alikimbia kutoka jiwe hadi jiwe, akifichua kila siri ya nyumba yake, mpaka yakabaki mawe mawili, kisha moja. Akaingia humo akatulia, akiamini ameponea.

Mama akaliinua jiwe lenyewe nje ya maji, zima, likiwa na mtu wake ndani, akalishikilia juu ya ndoo. Lilikuwa na uzito wa mtoto wa miaka mitatu. Maji yakachuruzika kutoka kwenye matundu, pamoja na damu ya mikono yake. Akangoja. Mikono ikatetemeka mpaka mabegani. Mwishowe kitu cha zambarau kikachomoka, kikaanguka ndooni, kikaanza kupiga kuta za ndoo, paa, paa, paa.

Akafunika.

Daktari alikuwa amekuja na bandeji na chupa ya dawa. Akamkalisha kwenye kiti kile kile cha wagonjwa, akaanza kumfunga mikono.

"Nakuuliza kama mtu asiyejua," alisema. "Kama huyu ndiye mkorofi, kwa nini mara zote tatu ulikuwa unamtoa yule mwingine?"

"Kwa sababu yule alikuwa anakamatika," Mama alijibu.

Alijisikia mwenyewe akilisema neno hilo. Daktari aliendelea kufunga, akauma utepe kwa meno, akafunga mkono wa pili. Mama alikaa na mdomo wazi chini ya ile taa kubwa, kama anayesubiri kung'olewa.

"Saa ngapi sasa?" aliuliza.

"Saba na nusu."

"Nifungie haraka, daktari."

Hakwenda kwake. Alikwenda moja kwa moja mtaa aliokaa binti yake, akapita mlango wa binti, akagonga mlango wa pili. Nyumba ilikuwa moja iliyogawanywa kwa ukuta. Upande mmoja walipanga Kocha na mkewe, upande wa pili alikaa bibi mwenye nyumba, mjane mrefu mkavu aliyezungumza kwa nadra.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mikono imefanya nini?"

"Imechelewa," Mama alisema. "Bibi, nimekuja kukuomba. Mpangaji wako unayemjua kwa jina la Kocha, naomba atoke. Mwanangu abaki. Atakuwa mpangaji wako yeye, cherehani zake ziko humo, wateja wake wanaujua mlango huo. Siji kumchukua mwanangu. Nimemchukua mara tatu nikamrudisha mara mbili, na leo anarudishwa ya tatu."

Bibi aliunyooshea kidole ukuta wa kati.

"Kitanda changu kilikuwa kwenye ukuta huo," alisema. "Mwaka wa kwanza nikasikia kila kitu. Sikugonga. Sikuita mtu. Unajua nilifanya nini? Nilihamisha kitanda." Akainuka kuchukua funguo. "Nimekuwa nikingoja mtu aje aniulize. Nadhani na mimi nilikuwa nangoja bure, ningeweza kwenda kuuliza mwenyewe. Twende."

Kocha alikuwa uwanjani na vijana wake. Wanawake wawili walifungua, wakatia vitu vyake kwenye magunia: viatu vya mpira, suruali, mashati yaliyonyooshwa bila mkunjo, vikombe vya ushindi viwili vya bati. Pasi ilikuwa bado mezani, na kwenye bati lake la chini pameganda kitu cha kahawia. Bibi aliichukua kwa ncha za vidole akaitupa pipani. Fundi wa vitasa, mpwa wake bibi, alibadilisha kitasa akaondoka. Magunia wakayapanga barazani. Kisha Mama Matangi akasimama mlangoni, mgongo ndani, uso nje, funguo mpya mfukoni.

Saa tisa kasoro robo Kocha akatokea, filimbi shingoni, anapiga mluzi. Aliona magunia. Mluzi ukakatika.

"Shikamoo mama," alisema.

"Marahaba. Huingii humu."

Akacheka kidogo. "Mama unatania. Kitinda yuko wapi?"

"Anakuja. Anakuja kwake. Wewe chukua mzigo wako."

"Mama mkwe," alisema, na sauti bado ilikuwa laini, "mimi nakuheshimu. Sogea."

"Sisogei."

Alitazama kulia na kushoto. Mtaa ulikuwa mtupu, ni jua tu. Ndipo sura yake ikabadilika, au labda ilirudi. Alimshika Mama kwa kilemba na nywele pamoja, akamgongesha kichwa kwenye fremu ya mlango. Mara moja. Mama akaona weupe. Mara ya pili mdomo ukapasuka na jino likalegea. Hakuinua mkono kujikinga, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa imeshika fremu, na bandeji za daktari zilianza kulowa nyekundu kutoka ndani. Akampiga ngumi ya tumbo. Mama akakunjika lakini vidole havikuachia. Alikuwa amebeba jiwe kutwa. Alijua mikono yake inaweza kushika kwa muda gani.

"Mchawi wee," Kocha alihema. "Nitakuua hapa hapa."

Bibi mwenye nyumba akaja kutoka upande wake na mchi wa kinu, akampiga nao gotini. Kocha akapiga yowe, akamsukuma, bibi akaanguka juu ya magunia. Akamrudia Mama, akamkaba koo.

Ndivyo mjomba alivyowakuta. Alikuja kwa miguu, shati jeupe, begi la Kitinda begani mwake mwenyewe kama alivyoahidi, na Kitinda nyuma yake ameinamisha kichwa. Mjomba alisimama. Katika maisha yake ya vikao alikuwa ameambiwa habari nyingi za namna hii, na zote alikuwa amezisikia akiwa kwenye kiti. Sasa alimwona dada yake wa tumbo moja, ulimi umetoka nje.

Begi likaanguka. Mjomba hakuwa na methali. Aliinua fimbo kwa mikono miwili akamshushia Kocha mgongoni, fimbo ikavunjika, akampiga kwa kipande kilichobaki. Kocha akageuka, akamtandika kofi lililomkalisha mzee chini, miwani ikaruka.

Lakini kwa kugeuka alimpa mgongo mkewe.

Kitinda hakukimbia wala hakupiga kelele. Alikuja kama mtu anayekwenda kupima kitambaa. Kwa mkono wake mzima alishika uzi wa filimbi shingoni mwa mumewe, kwa nyuma, akauzungusha ngumini mara moja, mara mbili, akaweka goti kati ya mabega yake, akavuta. Ulikuwa uzi mzuri, wa nailoni. Kocha akapiga magoti. Vidole vyake vikakwaruza shingo vikitafuta uzi, visiupate, ulishazama. Uso ukawa wa zambarau. Miguu ikaanza kupiga vumbi.

Mama Matangi, ameketi kizingitini na mkono kooni, aliona macho ya mwanawe na akaogopa kuliko alivyoogopa kutwa nzima. Maana hayakuwa na hasira. Yalikuwa yanafanya kazi.

"Kitinda," alikoroma. "Mwanangu. Achia. Ukimuua huyu watakuchukua wewe."

"Moja," Kitinda alisema.

"Achia mama, nakuomba."

"Mbili."

Mjomba alikuwa anapapasa miwani chini. Milango ya mtaa ilikuwa imeanza kufunguka mmoja mmoja.

Kitinda alimtazama mama yake. Kisha akasema tatu, kwa sauti ndogo, akaachia. Kocha akaanguka kifudifudi akikohoa, akivuta hewa kama pampu iliyoingiwa na mchanga. Mkewe akamruka, akamwinua mama yake kwa kwapa, akamsaidia bibi, akampa mjomba miwani yake yenye kioo kimoja. Wakaingia ndani wote wanne. Akafunga, akazungusha ufunguo mara mbili.

Walikaa pale penye cherehani, wanahema. Kitinda akachana bitana mpya kwa meno, akaanza kumfunga mama yake kichwa. Mjomba alitazama sakafu.

Nje, kwanza mlango ulipigwa mateke. Sauti za majirani zikasikika, miongoni mwao walikuwa wazazi wa vijana wa mpira, na mmoja alikuwa anauliza, taratibu, kwa mshangao, "Kocha, ni wewe?" Mateke yakakoma. Kisha zikaja ahadi. Kisha kilio, kile cha Ijumaa. Kisha kimya kirefu, hata wakadhani amekwenda.

"Hodi," ilisema sauti ya nje.

Miaka mitatu aliufungua mlango ule kwa kuusukuma. Hakuwahi hata siku moja kulitamka neno hilo hapo.

Mama Matangi alihisi jibu likimpanda kooni lenyewe, kwa mazoea ya maisha yote, kwani neno hodi halina anayelinyima karibu. Akalibana kwa mdomo wake uliopasuka. Akamtazama binti yake. Mjomba naye akamtazama, na bibi, na hakuna aliyemwambia afanye nini.

"Hodi," mara ya pili.

Kitinda alikaza fundo la bandeji. Akalikagua. Akaukata uzi uliozidi.

"Hodi."

Ikishafika ya tatu bila kuitikiwa, mtu huondoka. Walisikiliza mpaka waliposikia magunia yakiburutwa barazani, ngazi moja, ngazi ya pili, na vikombe vya bati vikigongana humo ndani kuelekea barabarani.